Maswali ya gereji: injini inagonga wakati gani?

Barua nyingi za mwezi huu zina neno moja: "inanoki". Shida ya neno hilo ni kwamba fundi mmoja akilitamka ana maana petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda, mwingine ana maana zimekwisha beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na ekseli kuu ya injini), na mwenye gari yeye anasikia gharama tu. Kwa hiyo kila barua tumeirudisha kwenye swali moja kabla ya kujibu: inagonga wakati gani? Ikiwa baridi au ikishapata moto, mlimani au sailensa (gari limesimama, injini inazunguka bila kukanyaga mafuta), ukikanyaga mafuta au ukiachia? Ukubwa wa mlio tumeuweka nyuma. Kuna milio ya kutisha inayotibiwa kwa spana namba 12, na kuna minong'ono inayoua injini kabla ya Ijumaa.

Nina Toyota IST ya injini ya 1NZ. Nikipanda mlima Kitonga na abiria wanne na mizigo inatoa mlio kama punje za mchele zinatikiswa kwenye kopo la bati. Nikifika tambarare unaisha. Fundi ameniambia injini imenoki, nitafute nyingine. Ni kweli? — Msomaji, Iringa

Hapana, pesa yako ibaki mfukoni kwanza. Mlio wa punje unaokuja na mzigo na kuondoka na mzigo hautokani na chuma kilicholegea. Unatokana na mwako. Plagi ikishawasha mchanganyiko wa hewa na petroli, moto hutakiwa kutambaa kutoka kwenye plagi hadi ukutani mwa silinda. Silinda ikiwa na joto kupita kiasi, au petroli ikiwa dhaifu, ule mchanganyiko uliobaki pembeni haungoji moto uufikie. Unalipuka wenyewe, wote kwa mkupuo. Mshindo huo ukigonga kuta ndio mchele unaousikia. Ukiachwa kwa muda mrefu hula kingo za pistoni, huvunja ringi na mwisho hutoboa pistoni, kwa hiyo usiupuuze. Lakini leo hauhitaji injini nyingine.

Hakikisha hivi. Mlio ukianza mlimani, zima O/D (gia ya juu kabisa ya otomatiki) au shusha gia, injini izunguke mara 3,000 na zaidi kwa dakika badala ya 1,800, na mguu upunguze kukanyaga. Mlio ukikatika, ni mwako. Konrodi mbovu hainyamazi kwa kushusha gia. Inagonga haraka zaidi.

Sasa tafuta sababu, ukianza na ya bei ndogo. Ya kwanza ni petroli. Oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Kule Japani petroli ya kawaida haitakiwi kuwa na oktani chini ya 89, na ile ya daraja la juu haishuki chini ya 96. IST yako, pamoja na mgandamizo wake wa 10.5 kwa 1, iliundwa kwa ile ya kawaida, na petroli halali ya huku haiko chini yake. Kwa hiyo kama petroli ndiyo chanzo, imechakachuliwa. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana, na kwa vile yaliwahi kuwa na kodi ndogo kuliko petroli, kuyachanganya kulikuwa biashara. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Chukua karatasi nyeupe, dondosha tone moja la petroli yako. Iliyo safi hukauka ndani ya dakika chache bila alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilotaka kuondoka. Kipimo hiki hakikamati uchakachuaji mdogo, basi fanya na hili: maliza tangi hadi robo, jaza kituo kingine unachokiamini, panda mlima uleule na mzigo uleule. Ukikuta kimya, kazi imeisha na umelipia petroli tu.

Mlio ukibaki, fungua plagi kwa soketi ya 16 mm. Za 1NZ ni Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11, nafasi ya ncha 1.1 mm. Tazama kauri nyeupe iliyo ndani. Vitone vyeusi kama pilipili manga au vinavyong'aa kama fedha ni alumini ya pistoni inayoruka, ushahidi kwamba mlipuko umeanza kula. Kauri nyeupe kama chokaa iliyofanya malengelenge inasema silinda inaungua kwa joto, au petroli haitoshi kwa hewa inayoingia. Kama kuna mtu aliweka plagi "za moto" (zisizotoa joto haraka) za gari jingine kwa sababu zilipatikana dukani, umekwisha kumpata mhalifu. Ukirudisha, zikaze Nm 18 injini ikiwa baridi. Hedi ni ya alumini, ukiikaza kwa hasira unang'oa uzi wake.

Halafu joto. Thermostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi yapate moto, kwa 1NZ hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Mafundi wetu wengi huing'oa gari likichemsha mara moja tu, na wanaona wamekusaidia. Bila thermostati injini huzunguka baridi kwenye tambarare, kompyuta humwaga petroli nyingi, na masizi hujijenga juu ya pistoni. Masizi hayo hupunguza nafasi ya mwako, mgandamizo unapanda, na yenyewe hubaki mekundu kama kaa. Ndipo unapofika Kitonga. Rudisha thermostati, safisha rejeta kwa nje na ndani, hakikisha feni zinawaka.

Upungufu wa petroli hupimwa kwa mashine ya kusoma kompyuta. Ukiona kompyuta inaongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 10 muda wote, au msimbo wa hitilafu P0171, hewa inaingia pasipopimwa (mpira wa hewa umepasuka, gasketi ya manifoldi), au sensa ya hewa ina vumbi, au pampu imechoka. Presha ya petroli ya injini hii ni kPa 304 hadi 343. Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, na waya wake usiguswe kwa kitambaa wala pamba.

La mwisho ni sensa ya noki yenyewe, ile iliyofungwa kwenye bloki. Kazi yake ni kusikia mlipuko na kuiambia kompyuta icheleweshe moto wa plagi. Ikifa (msimbo P0325) haisababishi mlio, ila inaacha kukulinda. Watu huibadilisha ya kwanza na kushangaa mchele bado unamwagika. Na mtu akikuambia atakurekebishia taimingi (wakati wa plagi kuwasha) kwa kuzungusha kitu fulani, mwulize kitu gani: 1NZ haina distributa ya kuzungusha.

Nina Probox ya biashara, nayo ni 1NZ. Oili ilipungua hadi taa nyekundu ikawaka njiani. Niliongeza lita mbili nikaendelea. Sasa ikipata moto inagonga nzito, ko-ko-ko, na nikipiga resi inagonga haraka. Fundi kaweka oili ya 20W-50 na dawa ya kopo, ikanyamaza siku mbili. Niongeze kopo jingine? — Msomaji, Dodoma

Zima gari, usiliwashe tena hadi sampo (bakuli la oili chini ya injini) ifunguliwe. Ukitaka kulihamisha, livutwe.

Injini hii huchukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Kama ziliingia mbili bila kuzidi alama, ilibaki chini ya nusu. Taa nyekundu ya oili haipimi wingi, inapima presha. Ikiwaka, beringi zimekwisha kukaa sekunde kadhaa chuma kwa chuma. Kati ya beringi na krenki, yaani ile ekseli kuu ya injini, kuna nafasi ya milimita 0.016 hadi 0.040, nyembamba kuliko unywele, na ndani yake oili ndiyo inayobeba krenki. Kiwango cha mwisho ni 0.06. Ikipita hapo, konrodi inapata nafasi ya kurudi nyuma na kupiga kila pistoni inaposukumwa chini. Ndio ko-ko-ko wako.

Oili nzito hunyamazisha kwa sababu inajaza ile nafasi kama asali. Haijarudisha kitu kilicholika. Asubuhi injini ikiwa baridi oili hiyo inachelewa kufika kwenye beringi, zinalika zaidi, na ikishapata moto unarudi palepale ukiwa na nafasi kubwa zaidi. Dawa ya kopo ni oili nyingine nzito yenye bei nzuri. Matumizi yake ya kweli tunayoyajua ni ya muuzaji anayetaka gari linyamaze hadi mnunuzi afike nyumbani kwake. Siku konrodi itakapokatika itatoka ubavuni mwa bloki, na hapo hata krenki ya kuchonga huna.

Kabla ya kufungua, fundi anaweza kutambua ni silinda ipi. Wakati gari linawashwa kwa dakika moja tu ya kupimwa, achomoe soketi ya koili na ya nozeli (injekta) ya silinda moja kwa wakati, ya nozeli isisahaulike ili petroli mbichi isiende kuunguza katalisti. Silinda ikiachwa bila moto na mlio ukapungua sana, hapo ndipo penye konrodi mbovu. Mlio usipobadilika kwa silinda yoyote, na ni mzito zaidi wa chini, washukiwa wawe beringi kuu za krenki. Mlio mwepesi wa mapigo mawili mawili kwenye sailensa ni pini ya pistoni.

Kipimo cha pili ni presha. Fungua swichi ya oili, funga geji mahali pake. Injini nyingi ndogo za petroli zikiwa na moto hutoa bari 2 hadi 4 kwenye mizunguko 3,000. Ukiona bari moja na oili iko kwenye alama, mjadala umeisha.

Sampo ikishuka, angalia mambo mawili kabla ya kugusa beringi: chini ya sampo kuna nini, na chujio la kufyonzea lina nini. Unga unaong'aa kama fedha ambao sumaku haiushiki ni beringi. Vipande vinavyoshikwa na sumaku ni chuma, yaani krenki, pampu au cheni. Filta nayo ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani. Chujio likiwa limeziba kwa oili iliyoganda kama lami, hiyo nayo ni sababu, na ukifunga beringi mpya bila kuliosha zitakufa kama za kwanza.

Kofia za konrodi ziwekwe alama ya namba na upande kabla hazijafunguliwa. Hazibadilishani. Krenki ikiwa bado ina uso laini, shingo za konrodi zipimwe kwa mikromita: mpya ni 39.992 hadi 40.000 mm, na tofauti kati ya upande na upande isizidi 0.02. Ikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, iende kuchongwa, na beringi zinunuliwe baada ya kuchonga, siyo kabla, kwa saizi iliyopatikana: 0.25 au 0.50 mm. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi anakwenda dukani na kununua standadi, anazifunga kwenye krenki iliyolika, mlio unapungua, anapokea pesa, na wiki tatu baadaye simu yake haipatikani. Wengine hukata kipande cha kopo la soda na kukiweka mgongoni mwa beringi ili ibane. Kipande hicho huziba tundu la oili au huzuia joto kutoka. Ukikiona, kusanya vyuma vyako uondoke.

Krenki ikitoka kuchongwa, matundu yake yote ya oili yasukumwe brashi na hewa ya kompresa, maana vumbi la jiwe la kuchongea hukaa humo likisubiri. Tundu la konrodi iliyogonga nalo lipimwe kama bado ni duara. Likiwa limevimba, konrodi ibadilishwe. Nafasi ya oili ithibitishwe kwa uzi wa plastiki wa kupimia, ule unaobanwa na kusomwa kwa upana. Boliti za konrodi za injini hii hukazwa Nm 15, kisha nyuzi 90 zaidi, na boliti iliyovutika haifungwi tena. Beringi zipakwe oili zikiwa zinafungwa. Kisha gari lipigwe stata nozeli na koili zikiwa zimechomolewa hadi taa ya oili izime, ndipo liwashwe. Oili iwe 5W-30 au 10W-30, imwagwe kilomita 500 za kwanza pamoja na filta.

Je, ununue injini ya mtumba badala yake? Krenki ikiwa imepata rangi ya bluu kwa joto, au bloki imeumia sehemu ya beringi kuu, ndiyo, ni busara zaidi. Gerezani, Kariakoo, 1NZ zipo tele kwa sababu zimo kwenye magari madogo mengi yanayoonekana barabarani. Usiinunue kwa kuizungusha kwa mkono tu. Dai kupima mgandamizo: kawaida ni kPa 1,471, isishuke chini ya 1,079, na silinda zisitofautiane zaidi ya 98. Kabla haijafungwa kwenye gari, fungua sampo yake. Ni kazi ya muda mfupi injini ikiwa chini, na ni siku nzima ikishafungwa. Na usisahau kuwa namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ikibadilika, kadi nayo ibadilishwe, la sivyo utaeleza sana siku ya kuuza.

Asubuhi gari langu hulia tik-tik-tik kwa dakika tano, likipata moto linanyamaza kabisa. Nalipeleka kila siku kazini. Linakufa? — Msomaji, Unguja

Mlio unaoondoka na joto ndio wa kutisha kidogo kuliko yote, ila una wazazi wanne.

Ule wa sekunde mbili tatu tu mara baada ya kuwasha, kama mnyororo unaburutwa, ni cheni ya taimingi ikisubiri oili ifike kwenye kikazio chake. Mara nyingi kosa ni filta ya bei rahisi isiyo na vali ya kuzuia oili kurudi chini usiku. Badilisha filta kwanza. Ukizidi sekunde kumi au ukisikika na wakati wa safari, cheni imerefuka.

Tik-tik kali inayofuata nusu ya mwendo wa injini, inayotokea juu kwenye kifuniko cha vali, ni tapeti. Kwa 1NZ nafasi ni 0.15 hadi 0.25 mm upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa, injini ikiwa baridi. Hakuna skrubu ya kugeuza. Hubadilishwa kikombe chenyewe kwa unene tofauti, kwa hiyo ni kazi ya kupima na kuagiza, haikamiliki kwa saa moja chini ya mwembe.

Mlio butu, kama mtu anagonga mtungi wa udongo, unaopungua ukichomoa koili ya silinda moja, ni pistoni ikilala upande na kupiga ukuta kwa sababu imelegea. Pistoni ya alumini ikipata joto hutanuka na kunyamaza. Gari kama hilo huweza kwenda miaka ukilibadilishia oili kwa wakati na usilipige resi likiwa baridi.

Wa nne husahauliwa, na ndio ambao kwetu tungeutazama kwanza: gasketi ya manifoldi ya ekzosi inayovuja. Chuma kikiwa baridi kuna ufa, moshi unatoka kwa mapigo, tik-tik-tik. Kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa. Asubuhi kabla hujawasha, tafuta alama nyeusi ya masizi kwenye maungio. Kisha washa, mwenzako azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache: mlio ukizidi, umepata. Watu wamefunguliwa hedi kwa ajili ya gasketi ya aina hii.

Hujambo fundi. Gari yangu ni Prado, injini ya 1KD. Inagonga kwa sauti kali nikiwasha asubuhi na pia ikiwa sailensa, kama nyundo juu ya mabati, na inatoa moshi mweupe kidogo. Mekanika anataka kulegeza paipu za injekta moja moja gari ikiwa inaunguruma ili ajue ni gani. — Msomaji, Nakuru

Mzuie. Mbinu hiyo ilikuwa sahihi kwa dizeli za zamani kama 1HZ. 1KD ni dizeli ya mfumo wa reli (common rail, bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), presha ndani ya zile paipu huweza kupita bari 1,000. Dizeli ikitoka kwenye nati iliyolegea kwa nguvu hiyo inaingia chini ya ngozi kama sindano, na kidole kilichodungwa hivyo ni cha kukimbizwa hospitali hata kama jeraha ni dogo kama tone. Nozeli za mfumo huu huzimwa kwa mashine ya kompyuta au kwa kuchomoa soketi yake injini ikiwa imezimwa, siyo kwa spana.

Mashine hiyohiyo isome masahihisho ambayo kompyuta inafanya kwa kila nozeli kwenye sailensa, gari likiwa na moto. Yakiwa karibu na sifuri, nzuri. Ikizidi 3 juu au chini, nozeli hiyo ni mshukiwa. Halafu pima dizeli inayorudi: funga mipira kwenye njia za kurudishia, kila mmoja kwenye chupa yake, washa dakika chache. Chupa inayojaa kuwahi wenzake inaonyesha nozeli inayovuja kwa ndani. Nozeli mpya ina namba ya fidia iliyochapwa juu yake. Lazima iingizwe kwenye kompyuta, la sivyo utalipa nozeli na kugonga kutabaki.

Kwa 1KD kuna jambo ambalo ni lazima liandikwe kwa wino mweusi. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayoziba moto wa silinda. Ikivuja, gesi chafu inapita hadi kwenye oili na kuigeuza masizi mazito, yanakusanyika kwenye chujio la kufyonzea ndani ya sampo. Dereva anasikia nozeli zinagonga kidogo, anavumilia, na miezi baadaye injini inakosa oili: turbo inakufa, beringi zinafuata. Kwa hiyo kila nozeli zinapotolewa, washa zote ziwe mpya, viti vyake visafishwe, na sampo ishushwe chujio lionekane kwa macho.

Kama baada ya hayo mlio haujaisha, badilishana nozeli za silinda mbili. Ukihamia silinda nyingine, ni nozeli. Ukibaki palepale, na ukifungua kifuniko cha oili moshi unapuliza kwa mapigo, tayarisha moyo: pistoni za injini hii zinajulikana kwa kupasuka, hasa pale ambapo nozeli mbovu iliachwa imwage dizeli kwa muda mrefu.

Inagonga nikiweka D huku nimekanyaga breki. Nikirudisha N ni kimya kabisa. — Msomaji, Mombasa

Hapo injini haina makosa, bado. Angalia maunti (mipira inayobeba injini): kwa kufungua boneti na mtu akibadilisha D na R, injini isiruke zaidi ya sentimita mbili hivi. Maunti zikiwa nzima, fungua kidirisha cha chini kati ya injini na gia boksi, ukague sahani inayobeba kigeuza nguvu (torque converter) cha gia otomatiki. Boliti zake hulegea, na sahani yenyewe hupasuka kuzunguka tundu za katikati. Mlio wake unafanana na konrodi kiasi cha kumdanganya fundi mzuri.

Mwingine wa kudanganya ni pulei ya krenki yenye mpira katikati. Mpira ukikatika, pulei ya nje huyumba na kugonga. Ondoa fenibelti, washa injini sekunde 30 zisizidi, kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Mlio ukiisha, mgonjwa ni kitu kimojawapo kinachopitiwa na belti: pulei, altaneta, kompresa ya AC au kikazio. Bisibisi ndefu iliyowekwa sikioni upande wa mpini inatosha kuchagua. Nywele na mikono mirefu ya shati vikae mbali na feni.

Nakwenda kununua gari la mtu. Nitajuaje kwamba halinoki? — Msomaji, Mwanza

Mwambie muuzaji asiliwashe hadi ufike, na ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na moto, rudi kesho. Chomoa kijiti cha oili, sugua tone kati ya vidole: ikivuta kama gundi na gari ni dogo la petroli, kuna kitu kinanyamazishwa. Washa dirisha likiwa wazi, redio na AC vimezimwa. Likipata moto hasa, baada ya kama dakika 20 za barabarani, simama, panda polepole hadi mizunguko 2,500, kisha achia mafuta ghafla. Konrodi iliyoanza kulegea husema pale unapoachia, siyo unapokanyaga. Rudia mara tano.

Taa ya oili imewaka na kuna mgongano mzito. Gereji iko kilomita 12. Nikienda taratibu? — Msomaji, Bukoba

Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa utachukua dakika 24, na injini ikizunguka 1,500 kila dakika, krenki itazunguka mara 36,000 ikipigwa na hiyo konrodi. Tafuta kamba ya kuvutia. Kama gari ni la gia otomatiki, magurudumu yanayosukuma yainuliwe, maana gia boksi hiyo haipati oili injini ikiwa imezimwa.